Chakavu si chafu

Wasee, wiki mbili nzima nilikuwa natengeneza kibanda cha 3D kwa Blender, kile cha mbao na mabati chenye utakipata Nakuru kuanzia Kaptembwa hadi Free Area. Nikamwonyesha mathe, ambaye ameuza mboga kwa kibanda miaka mingi. Akaangalia skrini, akaniuliza, "Na huyu mwenyewe hapangusi duka lake?"

Iliuma, lakini ni ukweli. Nilikuwa nimemwaga kutu na matope kila mahali ndio kikae cha mtaani. Yaani nimekulia kwa kibanda, na bado nilikichora kama mtu amekiona kwa habari tu.

Kesho yake nikaenda kukaa kwake, simu mfukoni, nikiangalia tu.

Mbao kwanza. Rangi haitoki ovyo. Inaisha pale mikono inashika: ukingo wa kaunta, karibu na komeo. Huku chini, pale mvua huruka kutoka ardhini, inabanduka kwa mistari ikifuata nyuzi za mbao, kwa sababu mbao hufura ikilowa na hunywea ikikauka, na rangi iliyozeeka haiwezi kuifuata. Chini ya buluu kuna kijani, ya enzi alikuwa akiuza kredo. Chini ya kijani kuna nyekundu ya mwenye alimuuzia kibanda.

Halafu mabati. Yana ngozi ya zinki, kwa hivyo kutu hupenda kuanzia kwenye matundu ya misumari na pale yalikatwa, kisha mvua inaiteremsha kwa michirizi.

Mlango wa chuma ndio ulinifunza zaidi. Chuma kikishapakwa rangi, kile mwanga unagonga ni rangi, si chuma. Kwa hivyo kwa programu, kipimo cha uchuma kiweke 0. Weka 1 pale tu rangi imechubuka na chuma tupu kinaonekana. Kutu nayo ni 0, tena haing'ai. Mimi nilikuwa nimeweka 1 mlango mzima, ukang'aa kama karatasi ya peremende.

Na vumbi yetu ya Nakuru? Hulala juu ya rafu na juu ya mbao za mlango. Kwa kaunta haipo, kwa sababu kila asubuhi kuna mtu na kitambaa.

Hicho kitambaa ndicho nilikuwa nimesahau kuchora. Ukipaka uchafu kila mahali, unasema hapa hakuna mtu anajali. Kitu cha zamani si lazima kiwe kimetelekezwa. Kama sisi wenyewe hatutaonyesha hiyo tofauti, tusishangae wengine wakitukosea.

Nilirudia kazi siku nne. Mathe alipoiona hakunisifu. Aliweka kidole kwa skrini, pale rangi ya kaunta imeisha, akasema, "Hapo ndipo mimi huegemea."