Mizani Haijui Kila Kitu

Wanawake wenzangu, na nyie akina baba msijifiche, tuambizane ukweli: wengi wetu tukivaa raba asubuhi, tunachowinda ni kilo. Zisiposhuka ndani ya mwezi, raba zinarudi chini ya kitanda. Mimi natimiza miezi 3 barabarani na mizani yangu imeshuka kilo 1 tu. Lakini siachi ng'o!

Nina miaka 34, na kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta toka asubuhi hadi jioni. Mama yangu alipata kiharusi akiwa na miaka 51, na mkono wake wa kulia haujarudi sawa mpaka leo. Kwa hiyo nilipopimwa presha ikasoma 144 kwa 92, sikuwaza habari ya jinzi. Niliwawaza wanangu wawili. Daktari alinipima tena siku nyingine, mambo yale yale. Akanipa miezi 3: punguza chumvi, fanya mazoezi, halafu ndio tuzungumzie dawa.

Nikaanza. Saa 11 na nusu alfajiri, kutoka kwetu Msasani kuelekea Coco Beach: nakimbia dakika 1, natembea 2, mara 8, siku 3 kwa wiki. Siku ya kwanza kifua kiliwaka moto, na konda wa daladala akanipigia kelele, "Mama, si upande gari tu!"

Wiki ya 2 nikapanda mizani. Nimeongezeka nusu kilo! Baba Junior akacheka, "Mama Junior, hizo ni mbio au mapilau?" Yaani nilitamani kulia.

Daktari ndiye aliyenielewesha. Ukianza kukimbia, misuli huweka akiba zaidi ya sukari, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na kama gramu 3 za maji. Maji ya kwenye damu nayo huongezeka wiki za mwanzo, moyo upate kusukuma damu nyingi kwa kila pigo. Mizani inajumlisha yote hayo. Haijui lipi ni fuko la mafuta, lipi ni maji.

Basi nikaacha kuiuliza mizani, nikauliza mwili. Mapigo ya moyo nayahesabu kwenye kifundo cha mkono kabla sijanyanyuka kitandani: yalikuwa 82 kwa dakika, sasa ni 70. Ngazi za ofisini, ghorofa ya 4, nafika juu huku naongea na simu. Usingizi unanichukua kabla taarifa ya habari haijaisha. Na mkanda umeingia matundu 2, maana misuli huchukua nafasi ndogo kuliko mafuta ya uzito ule ule.

Si yote matamu, jamani. Wiki ya 5 miundi iliniuma hadi nikapumzika siku 6. Moyo na mapafu huzoea upesi, lakini kano na mifupa huchelewa. Ukiona mwili unalalamika, usishindane nao.

Juzi nimerudi kwa daktari: 128 kwa 82. Dawa tumeziweka pembeni kwa sasa, ila napima kila mwezi. Wewe ambaye tayari unameza dawa za presha, tafadhali usiziache kwa kunisoma mimi. Ongea kwanza na daktari wako.

Baba Junior naye hacheki tena. Jumamosi tunatoka wote, kwa mwendo wa kuongea. Mmoja wetu akishindwa kumaliza sentensi, tunapunguza kasi. Habari za ada, za mama, za sisi wawili, zile ambazo nyumbani zinamezwa na televisheni, tunazimaliza kabla jua halijawa kali. Hilo nalo, mwenzangu, ulipime kwa mizani ipi?