Somo la Kijivu

Ukitaka kujifunza kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta, msomaji mpenzi, usianze na rangi ziwakazo. Mimi nilianza nazo, nikamchora mama yangu kwa nyekundu na manjano tupu. Aliitazama picha, akasema kwa upole, "Mwanangu, kanga nimeiona, mimi niko wapi?" Neno lile lilinichoma.

Ndipo nilipotafuta mwalimu. Mwaka 1871, mjini London, James McNeill Whistler, mzaliwa wa Marekani, alimchora mama yake, Anna, ameketi akitazama upande, kavaa gauni jeusi mbele ya ukuta wa kijivu. Picha hiyo Serikali ya Ufaransa iliinunua mwaka 1891. Niliinakili kutoka kitabuni.

Nilidhani kijivu ni nyeusi na nyeupe tu. Kumbe nilipata ukuta mfu. Nilipochanganya buluu na kahawia ndani ya nyeupe, ukuta ukapata uhai. Tabaka za chini nilizipunguza kwa tapentaini, za juu nikazizidishia mafuta, maana kinyume chake rangi hupasuka. Zaidi ya yote, niliona kuwa mahali penye utulivu mwingi, uso ndio unaosema.

Nilimrudia mama. Sikumwazima Anna rangi ya uso wake, bali nilichukua kipimo cha mwanga na kivuli. Picha ilipokwisha, mama aliikabili kimya. Kisha akainua mkono, akaitengeneza kanga yake kichwani, kama mtu aliye mbele ya kioo.