Penye Mvua Kwanza

Mashindano ya vyama juu ya mali huwa mema yanapomkumbuka mtu anayengoja. Mwaka 1965 serikali ya Kenya, katika Waraka Namba 10 uliotetewa na Waziri Tom Mboya, ilikata shauri fedha za maendeleo zitiwe kwanza penye rutuba, mvua na njia. Faida yake iwafikie wengine baadaye. Mwaka 1966 Oginga Odinga alitoka KANU, akaongoza KPU, chama kilichotaka maskini wapewe ardhi bure. KPU kilipigwa marufuku mwaka 1969, na hoja yake ikanyamazishwa kabla ya kujibiwa.

Mimi nikaaye Tiwi nauona upande wa bahari una kuta za nyumba za wageni, na upande wa bara una wakulima wasio na hati za mashamba yao. Katiba ya mwaka 2010 iliweka Hazina ya Usawazishaji kwa sehemu zilizoachwa nyuma. Mwaka 2013 Kwale ilihesabiwa katika kaunti 14 za namna hiyo. Basi “baadaye” ilikuwa imekawia karibu miaka 50.

Enyi vijana, chama chochote kikiwaahidi neema, kiulizeni: nani atangoja, na mpaka lini? Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.