Tezi Inayongoja Amri

Mwezi uliopita binti yangu alikuja kwangu Mbagala na mwanawe wa miaka 15. Kijana aliponiamkia, sauti ilikuwa ile ile ya darasa la nne. Mama yake akaninong'oneza kwamba wenzake wameanza kuota ndevu, na shangazi zake wanataka apelekwe kwa mganga. Nikamwambia waanze hospitali, maana mvulana aliyefika miaka 14 bila korodani kuanza kukua hufaa kuchunguzwa, na mara nyingi huonekana ni kuchelewa tu, jambo ambalo aghalabu hurithiwa.

Chini ya ubongo ipo tezi iitwayo pituitari, ukubwa wake kama punje ya njegere. Mengi tuyajuayo juu yake tumefunzwa na panya. Panya dume wa maabara akifika umri wa mwezi hivi, tezi hiyo humwaga kwa wingi homoni moja ya kukuza korodani. Akikomaa, homoni hiyo hupungua, na ile ya kiume itokayo korodanini ndiyo hupanda. Mwaka 1952 Geoffrey Harris na Dora Jacobsohn walipandikiza tezi za panya wachanga chini ya ubongo wa panya jike wazima walioondolewa tezi zao. Tezi zile changa zikafanya kazi ya utu uzima. Kumbe hazikuwa na upungufu wowote. Zilikuwa zikingoja amri ya ubongo.

Hata porini ni hivyo. Utafiti uliofanywa Morogoro ulionyesha kuwa panya shamba wachanga huweza kukaa miezi bila kukomaa, wakingoja mvua. Vuli ikinyesha vizuri hukomaa mapema, huzaana, na mkulima hukuta mbegu za mahindi zimefukuliwa. (Panya wa darini kwangu hawangoji mvua, pumba za jirani mfuga kuku zinawatosha.)

Nilipokuwa mkuu wa shule tulikuwa na mvulana wa kidato cha tatu, mdogo kuliko wote. Asubuhi moja mstarini nilimwuliza, mbele ya shule nzima, kama amepotea njia ya shule ya msingi. Wakacheka, nami nikacheka. Tangu siku ile wakamwita Chekechea. Muhula haukuisha akaacha kuja, nasi tukaandika kwenye rejista: mtoro.

Miaka mingi baadaye, sokoni Tandika, mwuza viatu vya mitumba, pande la mtu mwenye ndevu, alinyanyuka. "Shikamoo, mwalimu." Nilimtambua kwa macho. Nikaitikia marahaba, nikatafuta neno, nikaishia kuuliza bei. Akanipunguzia.

Nilipomweleza mjukuu habari za tezi alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Babu, na wewe ulianza lini?"

Nikamwambia kweli: nilipoingia chuo cha ualimu, nilikuwa sijanyoa ndevu hata mara moja.