Betri Ikishika Moto

Nafundisha watu ambao kesho watatengeneza masomo ya wengine. Kabla ya nadharia yoyote, nawafungulia simulesheni ya umeme ya PhET, mradi alioanzisha Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Kwenye skrini kuna nyaya, balbu, swichi na betri. Maelezo? Karibu hakuna.

Kimya. Ni watu wazima, wengine walimu wa miaka mingi, lakini wanangoja niwaambie waguse wapi. Si tulilelewa hivyo? Shuleni, jibu baya lilikuwa na kiboko chake.

Kisha mmoja anaunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu. Betri inawaka moto. Darasa linaangua kicheko. “Hebu na mimi nichome yangu,” jirani anasema. Somo limeanza. Hakuna aliyemwekea alama nyekundu. Moto wenyewe umemjibu, na akitoa waya unazimika. Aliyebuni alishajiuliza mtu atakosea wapi, akamwachia nafasi ya kukosea bila kuungua.

Halafu nawaambia waandike zoezi la mtoto atakayetumia simulesheni hiyo hiyo. Wengi huja na hatua kumi na mbili: bonyeza hapa, vuta pale. Kiboko kimerudi, safari hii kimevaa suti. Nauliza tu, “Sasa huyu mtoto atachoma betri saa ngapi?”

Wanafuta, shingo upande. Mwishowe linabaki ombi moja: washa balbu kwa njia nyingi uwezavyo.