Askari wa Machame na Kaburi la Kihambani

Familia ya askari huko Machame, nchi ya Wachagga kwenye mlima Kilimanjaro, huomba mambo mawili: arudi mzima, na ikiwa ni kifo, azikwe kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Ombi la pili ndilo lililochukua muda mrefu kupata jibu.

Kabla Misheni ya Leipzig haijafungua kituo cha Nkwarungo mwaka 1893, aliyekwenda vitani aliombewa na wazee kwa Ruwa, Mungu wa Wachagga, na kwa mizimu ya ukoo, palepale nyumbani penye pombe ya mbege na majani ya masale. Ukristo uliipokea kazi hiyo polepole, wala haukuyafuta yote. Vita viwili vya dunia viliwachukua vijana wa mlimani. Waliofia mbali walizikwa hukohuko.

Vita vya Kagera vinakumbukwa kwa karibu zaidi. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, na Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa vita. Mgambo nao waliitwa, hivyo hata nyumba zisizowahi kuwa na mwanajeshi zikajikuta na mtu mstari wa mbele. Habari zilisikika Redio Tanzania, barua zilichelewa. Kimya hicho kiliumiza kuliko taarifa mbaya yenyewe, maana msiba una matanga na watu huja, lakini kimya hakina matanga. Katika sharika za Kilutheri, kilichomshikilia mke wa askari kilikuwa sala ya pamoja na majirani waliomsaidia kupalilia migomba na kahawa. Wanaosimulia habari za imani husahau upesi hilo jembe.

Kampala ilitwaliwa Aprili 11, 1979. Wengi waliokufa katika vita hivyo wamezikwa kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba. Taifa liliwapa heshima, lakini kwa Mchagga kaburi lisilo kihambani huacha deni. Ibada ya kumbukumbu kanisani iliwafariji wafiwa bila kulilipa.

Desemba 7, 2017, walinda amani wa Tanzania waliposhambuliwa Semuliki, mashariki mwa Kongo, mambo yalikwenda vingine. Miili ya askari 14 iliagwa Dar es Salaam, kisha ikapelekwa kwao kuzikwa. Simu nazo zimepunguza kile kimya cha 1978, ingawa zinaleta uvumi kabla ya mchungaji kufika mlangoni.

Kwa familia ambazo wapendwa wao wamelala Kaboya, safari ya kwenda kuyaona makaburi hayo bado ni ndefu na ya gharama. Sharika na serikali za vijiji zingefanya vyema kuwachangia nauli wangali hai wajane na ndugu wanaowakumbuka.