Ningu walionisomesha

Mwezi wa tatu, mvua zikishika, baba alikuwa halali nyumbani. Alikesha na wenzake karibu na mdomo wa Mto Mara, wanatega makila ukingo hadi ukingo. Ningu anaishi ziwani, lakini mito ikijaa hupanda juu kwenda kutaga. Njia yake ni hiyo hiyo, hana ya uchochoroni. Ukiuziba mto usiku mmoja unapata majike, matumbo yamejaa mayai. Nyumbani tuliyagombania mayai hayo kuliko nyama, maana ningu ana miiba balaa.

Pale mwaloni kila mtu anamlaumu sangara. Sangara ana kesi zake, furu wanamjua. Ila nikiwa fildi, naandaa kipindi cha Biolojia, nikakuta makala ya Cadwalladr ya mwaka 1965 kuhusu kuporomoka kwa uvuvi wa ningu Mto Nzoia, kule Kenya. 1965, jamani! Sangara ndiyo kwanza alikuwa amepandikizwa, bado hajatawala ziwa. Waliommaliza ningu ni watu wenye nyavu kwenye midomo ya mito. Leo IUCN inamweka kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Waganda wameweza kumzalisha bwawani kwa sindano za homoni, na hilo lilinipa moyo, ingawa bwawa si mto.

Nikampigia baba simu. Nikamweleza yote, kwa sauti ya mwalimu kabisa. Akanyamaza, kisha akasema, "Godoro lako la kidato cha tano, tranka na nauli, unadhani vilitoka wapi?" Sikuwa na jibu. Nikamuuliza kama bado wanapatikana. "Msimu uliopita nilipata watatu," akasema. "Nikaona hata aibu kuwapeleka sokoni."

Kesho yake darasa lilikuwa zuri. Nilichora ningu ubaoni, mdomo wake wa chini chini wa kukwangua chakula kwenye mawe, wanafunzi wakacheka. Nikawaeleza kuhusu mvua, mayai na makila. Supavaiza, kule nyuma, anaandika tu. Halafu binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani wewe umewahi kuwala?"

Nikasema hapana, nimewasoma tu kitabuni.

Supavaiza alinipa alama nzuri. Baba sijamwambia.